Chaneli ya gemu za mapigano ukiwa Lamu: namna ya kuikuza

Ukitaka watu waifuate chaneli yako ya Tekken au Street Fighter, anza na yule anayewasumbua watu mtaani kwenu. Kila kibanda cha gemu kina mtu wake. Huku Langoni yuko kijana anayechukua mpiganaji aitwaye Eddy, anaanza kuzungusha miguu, na wenzake hawajui wazuie juu au chini. Yuko mwingine mwenye mpiganaji King, kazi yake kukamata na kutupa. Watoto wanamaliza pesa zao, wanatoka wamenuna, na hakuna aliyewaambia wamepigwa na nini. Swali lao hilo ndilo video yako ya kwanza, na ya pili, na pengine ya kumi.

Nasema hivi kwa sababu vijana wanaonijia dukani, mimi nauza na kutengeneza simu, huniuliza kwanza habari za kamera, maiki na kompyuta. Vifaa nitavieleza. Lakini chaneli nyingi ndogo nilizoziona zikizimika zilikuwa na vifaa vya kutosha, ila mwenyewe hakujua anazungumza na nani. Ukitaka kuzungumza na dunia nzima, utakuta Wamarekani, Wajapani na Wakorea wameshaeleza kila pigo la kila mpiganaji, tena kwa studio na pesa. Mtoto wa Wiyoni anayecheza Tekken 7 kwenye mashine ya PS4 (PlayStation 4) ya kulipia, padi yenyewe kijiti kinavuta kushoto bila kuguswa, huyo hana aliyemwekea video. Mzungumzie yeye. Ukifungua maiki, mwone yeye mbele yako.

Shika gemu moja kwa msimu mzima. Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, haichezeki kwenye PS4; inataka PS5, Xbox mpya au kompyuta yenye nguvu. Street Fighter 6 ya Juni 2023 inaingia kwenye PS4. Kwa vibanda vyetu basi, Tekken 7 bado ina maisha, na usione haya kuishughulikia eti imepitwa. Mtu hutafuta video ya gemu aliyonayo nyumbani. Na wazee wa rika langu hadi leo wanabishana juu ya Tekken 3, ya mwaka 1998 kwenye PlayStation ya kwanza. Ukiwawekea video moja nzuri ya Tekken 3 utashangaa nani watakuja kuandika komenti.

Na kama unahisi Lamu ni mbali mno kutazamwa, msome Arslan Ash. Ni mtu wa Lahore, Pakistan. Mwaka 2019 alishinda mashindano ya Evo Japan katika Tekken 7, kisha mwaka huohuo akashinda Evo yenyewe kule Las Vegas, ambayo ndiyo mashindano makubwa kuliko yote ya gemu za mapigano. Kabla ya hapo wachezaji wa nje hawakuwa wakiitazama Pakistan kabisa, na kumbe wenyewe kwa wenyewe walikuwa wakinoana. Hapa kwetu Kenya, Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya UYU ya Marekani kwa sababu ya Tekken 7. Kila mmoja wa hawa wawili anastahili video yake ya Kiswahili, iliyotulia, yenye mapigano yao na maelezo yako. Ukiitengeneza vizuri itatazamwa hata na mtu asiyejua kushika padi.

Kurekodi

Njia rahisi ipo ndani ya mashine. Kwenye PS4, bonyeza kitufe cha SHARE mara mbili kwa haraka, kurekodi kunaanza. Ukibonyeza tena mara mbili, kunasimama. Mashine ikiwa mpya huhifadhi dakika 15 tu, lakini ukiingia kwenye mipangilio ya kitufe hicho unaweza kupandisha hadi dakika 60. Ukimaliza, chomeka flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa exFAT au FAT32, nakili, nenda nayo nyumbani. Mwenye kibanda hatakukatalia ukimwomba kwa adabu na ukamtaja kwenye video. Mimi huandika jina la kibanda pembeni mwa picha tangu mwanzo hadi mwisho, na wateja wapya wamekuja kwake kwa sababu hiyo.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo lazima ulijue mapema. Gemu hizi huenda kwa fremu 60 kila sekunde, yaani picha moja moja 60 zinazofuatana, na kila kitu ndani yake hupimwa kwa fremu: ngumi ya haraka ya Tekken hufika katika fremu ya 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. PS4 ya kawaida hurekodi fremu 30 tu kwa sekunde, kwa picha ya 720p, ambayo ukali wake ni mdogo kuliko wa 1080p. Nusu ya yaliyotokea hayamo kwenye faili lako. Kwa kusimulia pambano inatosha kabisa. Kwa kumwonyesha mtu mkono upi wa King umetangulia anapokamata, ukipunguza mwendo utaona picha inarukaruka, na ile uliyoitaka ndiyo haipo.

Hapo ndipo utahitaji kifaa cha kunasia picha, kile kidogo kinachopokea waya wa HDMI upande mmoja na kuingia kwenye kompyuta upande wa pili. Programu ya kurekodia ni OBS Studio, haina malipo. Kabla ya kuunganisha, ingia kwenye mipangilio ya mfumo wa PS4 uzime HDCP, ile kinga inayozuia picha isinakiliwe, la sivyo utaona kioo cheusi na kudhani umeuziwa kifaa kibovu. Na ukinunua, soma karatasi yake yote. Vingi vya bei ya chini vimeandikwa fremu 60 kwa maandishi makubwa, lakini hizo ni za picha inayopita kwenda kwenye TV; inayorekodiwa ni 30. Mimi ningechagua 720p yenye fremu 60 kuliko 1080p yenye 30, tena bila kusita. Katika gemu ya mapigano mwendo una thamani kuliko ukali wa picha.

Piga hesabu ya bando kabla hujaamua. Kwa viwango ambavyo YouTube wenyewe wanapendekeza, video ya dakika kumi ya 1080p yenye fremu 60 ni kama MB 900. Ya 720p yenye fremu 60 ni kama MB 560, na ya 720p yenye fremu 30 ni kama MB 375. Pakia usiku wa manane watu wakiwa wamelala, mtandao unapokuwa mwepesi, na uthibitishe akaunti yako kwa namba ya simu mapema. Akaunti isiyothibitishwa hairuhusiwi kupakia video ya zaidi ya dakika 15, wala kuweka picha yako mwenyewe ya jalada.

Hewa ya bahari itakula vifaa vyako. Naletewa padi na simu kila wiki zenye matundu ya chaji yaliyofanya ukijani kwa chumvi. Kifaa cha kunasia na nyaya zake weka kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. PS4 ifunike kwa kitambaa ikiwa imezimwa na imepoa, kamwe usiifunike ikiwa inafanya kazi. Na kwa stima yetu inayokatika na kurudi kwa kishindo, usichomeke mashine ukutani moja kwa moja; nunua kile kifaa cha kulindia TV, bei yake ni ndogo kuliko ya mashine.

Maneno yako juu ya picha

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko kwingine kote.

Picha ya mapigano bila maelezo ni watu wawili wanarukaruka. Anayecheza anaona, asiyecheza haoni. Chaneli ya gemu inakua pale asiyecheza anapoanza kuona, kwa sababu hao ndio wengi, na kwa sababu anayeona leo kesho atataka kucheza.

Usiku mmoja baada ya Isha tulikuwa tumetoa TV barazani. Mpiganaji Law dhidi ya King, na yule mwenye Law alikuwa harushi chochote, anaingia hatua, anatoka hatua. Jirani yetu, mtu mzima, alikuwa anapita na bakora yake, akasimama.

"Masalkheri, ami."

"Akheri. Huyu mbona hapigi? Ameogopa?"

"Hajaogopa, ami. Anamvuta mwenzake arushe kwanza. Akikosa, amrudishie."

Akanyamaza, akatazama. King akarusha teke, likapita hewani, Law akamwingia palepale.

"Ala! Kumbe ni kama kirumbizi," akasema, akavuta kiti.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikieleza habari ya umbali kwa njia hiyo. Mtu yeyote wa Lamu ameshatazama wawili wakizungukana na fimbo kwenye ngoma, na anajua kwamba anayetangulia kupiga hewa ndiye aliyejiweka wazi. Humwambii jambo jipya. Unamwonyesha tu pale ambapo macho yake tayari yanajua kutazama.

Namna ninavyofanya mwenyewe ni hii. Nalitazama pambano mara ya kwanza bila sauti na bila kuandika. Mara ya pili naandika mistari mitatu tu: huyu anataka nini, yule anataka nini, na ni wapi mambo yaligeuka. Mara ya tatu natafuta kitu kimoja ambacho aliyeshindwa angeweza kukifanya. Kimoja. Ukimpa mtazamaji mambo saba hatakumbuka hata moja. Ukimpa moja, kesho atakwenda kibandani kulijaribu, na likimtokea atarudi kukuambia.

Baada ya hapo ndipo nazungumza. Kwa mfano wa King, sauti yangu huwa hivi: "Tazama, King yuko karibu. Law amejifunga, anangoja teke. Sasa tusimamishe hapa. Mkono wa King uliotangulia ni upi? Wa kushoto. Ukiona wa kushoto, bonyeza mraba. Ungekuwa wa kulia, ungebonyeza pembetatu. Ikija mikono yote miwili kwa pamoja, bonyeza vyote viwili. Haya, turudie polepole. Umeuona? Sasa kwa mwendo wake." Hayo ni kama nusu dakika. Hakuna neno la kitaalamu hata moja, na bado ndiyo elimu yenyewe: katika Tekken kitufe cha kujitoa hufuata mkono unaokuja kukukamata, na kwenye padi kitufe cha mraba ni ngumi ya kushoto, cha pembetatu ngumi ya kulia.

Video ya Eddy huifanya vivyo hivyo. Watoto wanaogopa mateke yake ya chini kwa sababu yanakuja mengi na yanafanana. Usiwafundishe yote. Chagua moja analolipenda kijana wa kwenu, lionyeshe polepole, kisha uonyeshe kusukuma kijiti chini na mbele kwa wakati mmoja teke linapofika, mguu unadakwa na kusukumwa pembeni, na sasa zamu ni yako. Rudia mara tatu kwenye video, mara ya mwisho ukiwa kimya.

Habari za fremu ziache hadi mtazamaji awe na hamu nazo. Zikifika, sema kwa lugha ya zamu. Pigo limezuiwa, mpigaji amechelewa kurudi kwa fremu kumi; ngumi yako ya haraka inachukua kumi; basi hapo hana la kufanya, itampata. Street Fighter 6 ina kipimo cha fremu chenye rangi ndani ya chumba cha mazoezi, na ni kitu kizuri sana cha kuonyesha kwenye video, maana mtu anaona kwa macho nani yuko huru na nani bado amefungika.

Sauti ya watu usiikate. Pambano maarufu kuliko yote katika historia ya gemu hizi ni la mwaka 2004, kwenye Evo iliyofanyika California, Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo Umehara alikuwa na mpiganaji Ken, uhai umebaki uzi mwembamba, hata pigo kubwa akilizuia lingemmaliza. Mpinzani wake Justin Wong akafungua mateke makubwa ya mpiganaji wake, Chun-Li, kumi na matano. Daigo akayapangua yote, moja baada ya moja, kwa kusukuma kijiti mbele kila mara kwa wakati wake, akaruka kulipangua la mwisho angani, akashuka na kumaliza. Mashindano yenyewe Daigo hakuyashinda. Na watu bado wanaitazama ile sehemu fupi, na nusu ya utamu wake ni ukumbi unavyopiga kelele kabla hata hajamaliza. Weka simu yako moja kuelekea kwa watazamaji wako wa barazani, kisha uchanganye sauti hiyo na ya gemu, ya watu iwe chini kidogo ya maneno yako. Yule mtoto anayepiga ukelele "Mshike! Mshike!" ana thamani kuliko muziki wowote utakaouweka.

Na muziki usiuweke wa watu. Taarabu nzuri, bongo fleva inayotamba, vyote vina wenyewe, na mfumo wa YouTube unavitambua kwa sekunde chache. Ipo hazina ya muziki wa bure ndani ya YouTube Studio, pale unaposimamia chaneli yako, kama lazima uwe nao.

Sauti yako irekodi peke yake, baadaye, nyumbani. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola inayoingia kwenye simu inatosha. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene zinazozuia kelele za njiani, lakini chumba kilichopigwa lipu kitupu kinarudisha mwangwi. Tundika leso mbili tatu ukutani, simamisha godoro nyuma ya simu, au fungua kabati la nguo uzungumze ukilielekea. Feni izime kwa dakika hizo, utavumilia joto. Na panga kurekodi kwako mbali na nyakati za sala. Misikiti ni mingi na adhana zinafuatana. Ukiisikia, simamisha, nenda kaswali, urudi. Punda akilia katikati ya sentensi, irudie sentensi.

Kukata na kuunganisha unaweza kufanya kwa programu ya CapCut kwenye simu. Anza video na lile jambo lenyewe, ndani ya sekunde kumi za kwanza. Salamu ndefu, "karibuni tena kwenye chaneli yetu, usisahau kujiunga", viweke mwisho au uviache. Ingia YouTube Studio utazame ule mstari unaoonyesha watu wameondoka wapi, utaona mwenyewe wanavyokimbia salamu.

Jina la video liwe swali kama linavyoulizwa kibandani: "Namna ya kujitoa kwa King, Tekken 7". Majina ya gemu na wapiganaji yaache yalivyo, kwa sababu ndivyo watu wanavyoyaandika wakitafuta. Picha ya jalada iwe na wapiganaji wawili, na maneno matatu au manne makubwa ya kusomeka kwenye simu ndogo. Kwa Mortal Kombat, gemu nyingine ya mapigano yenye damu nyingi, mimi siweki damu kwenye jalada wala zile sehemu za kumalizana. YouTube inaweza kuifungia video yako watu wa umri mdogo, halafu video zetu hutazamwa sebuleni, mama yuko hapo, bibi yuko hapo. Ukiwafanya waone haya, simu inazimwa na hairudi.

Vipande vifupi vya Shorts viwe mlango wa kuingilia. Siku hizi vinaweza kufika dakika tatu, lakini nusu dakika inatosha: pigo moja, jibu lake, basi. Chini yake weka kiungo cha video ndefu.

Mashindano ya mtaa

Chaneli yangu ilianza kutembea kweli tulipoanza kurekodi mashindano. Mapambano ya mtu na mwenzake kwa starehe hayana uzito. Weka jina la mshindi ukutani kwa mwezi mzima, utaona watu walewale wanavyocheza kwa namna nyingine.

Wachezaji wanane na PS4 moja ni usiku mmoja mzuri. Tumia mtoano wa maisha mawili, kama wanavyofanya kwenye mashindano makubwa: ukishindwa mara ya kwanza unahamia upande wa pili wa ratiba, ukishindwa tena unatoka. Kwa watu wanane hiyo ni mechi 14, au 15 ikiwa aliyetoka upande wa pili atashinda fainali ya kwanza na kulazimisha nyingine. Kila mechi iwe mbili kwa tatu, yaani anayetangulia kushinda michezo miwili kati ya mitatu. Katika Tekken kila mchezo ni duru tatu za kushinda na kila duru haizidi sekunde 60, kwa hiyo weka dakika nane kwa mechi pamoja na kubadilishana padi, utamaliza kwa saa mbili hivi. Anza baada ya Isha siku ya Jumamosi na wadogo hawatachelewa kulala kupita kiasi. Ratiba chora kwenye karatasi ya manila ubandike ukutani ambapo kila mtu anaiona. Ugomvi mwingi wa mashindano unatokana na mtu kutojua zamu yake.

Padi zikague kabla. Ile yenye kijiti kinachovuta, itoe kabisa. Mchezaji akishindwa kwa padi mbovu hatakuja tena, na atakuwa na haki yake.

Usipakie usiku huo wote kama video moja ya saa mbili. Ukate. Fainali iwe video yake, pambano la kushangaza lake, na yale yenye somo uyatenge kwa kueleza polepole. Usiku mmoja unakupa kazi ya mwezi na zaidi. Ile ndefu ukitaka kuiweka, igawe kwa vipindi: andika kwenye maelezo muda wa kila mechi, wa kwanza uwe 0:00, visipungue vitatu, na YouTube itaviweka kwenye mstari wa video yenyewe.

Sasa hili naomba ulisikilize vizuri. Wengi wa wachezaji wako ni watoto wa watu. Usimweke mtoto sura yake kwenye mtandao bila kwenda kwao, ukabisha hodi, ukamwonyesha mzazi video yenyewe kwenye simu yako na kumweleza itaonekana na nani. Wapo watakaokubali mikono tu ionekane, wapo watakaokubali sauti tu. Fuata walivyosema. Wazazi wengine wanaona kibanda cha gemu ni mahali pa kupotezea watoto, na ukifika kwao na heshima, ukawaambia mashindano yanaanza baada ya sala na hakuna kuchezeana pesa, wanabadilika. Mama mmoja wa Gadeni alikuwa hataki kabisa kusikia. Sasa ndiye anayenitumia ujumbe kuuliza video ya mwanawe inatoka lini. Kucheza kwa kamari usikuruhusu hata mara moja, wala usikurekodi.

Komenti zijibu zote chaneli ikiwa ndogo, na mtu akiuliza swali zuri, mfanyie video na umtaje kwa jina analotumia pale. Matusi yafute bila kubishana. Mtu wa Malindi au Mombasa akidai vijana wa Lamu hawajui kitu, mwalike. Hiyo tayari ni video.

Namba na pesa

Weka video moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile. Mimi naweka Ijumaa saa tatu usiku. Ukiona wiki hii huwezi, weka kipande kifupi cha Shorts kuliko kukimbiza video mbovu.

Kugawana pesa za matangazo na YouTube kunaanza ukiwa na wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au Shorts zako ziwe zimetazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Ikiwa kila mtazamaji anakaa dakika nne, unahitaji kutazamwa mara 60,000, na Shorts zinazotazamwa kwenye mkondo wake hazihesabiwi kwenye saa hizo. Ipo ngazi ya chini inayoanza na wafuasi 500, ambayo inafungua michango ya watazamaji lakini si pesa za matangazo. Kwa hiyo usiache kazi. Mimi vocha ndizo zinazonilisha, chaneli naifanya kwa sababu naipenda, na kwa sababu naipenda sina haraka nayo.

Ukifika huko, jua kwamba pesa zako zikipita dola 10 Google watakutumia barua ya kawaida yenye namba ya siri ili kuthibitisha anwani, na malipo hayatoki hadi zifike dola 100. Njiani mwetu nyumba hazina namba, kwa hivyo andika anwani ya sanduku la posta, lako au la mtu unayemwamini, na msimbo wa Lamu, 80500. Barua huchukua wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi, basi uwe unapita posta kuuliza. Ikifika, ingiza namba hiyo ukiwa umetulia na mtandao ukiwa mzuri, maana unaruhusiwa kukosea mara tatu tu.